Shajara ya mradi: kitini cha Kiswahili kuhusu silia ya awali na uumbikaji wa ubongo

13 Januari 2025

Leo tumekubaliana mipaka ya kazi. Tunaandika kitini cha Kiswahili kuhusu silia ya awali, yaani ule unywele mmoja usiopiga ambao hutokeza juu ya seli za aina nyingi mwilini, na kuhusu namna ishara zinazosomwa ndani yake zinavyouumba ubongo wa mtoto tangu akiwa kiinitete. Tupo watatu: mimi ninayefundisha anatomia na embriolojia katika chuo cha afya, mwalimu mwenzangu wa biolojia ambaye ndiye mchoraji wetu, na mtaalamu wa fiziotherapia anayehudumia watoto waliochelewa kukaza shingo, kukaa na kutembea.

Wanafunzi wetu husoma somo hili kwa Kiingereza na hufanya mtihani kwa Kiingereza, lakini wanapokaa jioni kuelezana huongea Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho ndiyo watakaa siku moja na mzazi kumweleza kwa nini mtoto wake yuko vile alivyo. Nimewasikia mara nyingi wakifika kwenye silia na kuiruka, kwa sababu hawana maneno ya kuishika. Hapo ndipo tunapotaka kuziba.

20 Januari

Wiki nzima imekwenda kwenye istilahi, na sijutii. Neno lenyewe, silia, limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya biolojia, kwa hiyo tumeliacha. Mzozo ulikuwa kwenye sifa yake. Mwenzangu alipendekeza "silia ya msingi", na ni kweli kwamba linasikika vizuri, ila linampa msomaji picha ya kitu kilicho chini, kinachobeba vingine. Sergei Sorokin, aliyeipa jina hilo mwaka 1968 alipokuwa akichunguza mapafu yanayokua, alikusudia silia inayotangulia: katika seli alizoziona, unywele huo mmoja ulitokea mapema, kabla ya zile silia nyingi zinazopiga kuota. Kwa hiyo tumechagua "silia ya awali".

La pili lilikuwa jina la ishara yenyewe. Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walieleza jeni ya inzi wa matunda ambayo, ikiharibika, buu huota vijimiba mwili mzima, nao wakaipa jeni hiyo jina la mnyama mdogo mwenye miiba. Mnyama huyo sisi tunaye na jina lake tunalo: kalunguyeye. Tumeamua kuandika "ishara ya kalunguyeye" tunapozungumzia mkondo mzima, na kutumia alama za kimataifa kwa protini mojamoja: SHH kwa protini inayotumwa, PTCH1 na SMO kwa zile zilizo kwenye utando wa seli, GLI kwa zile zinazoingia kwenye kiini kuamuru jeni. Mwanafunzi akikutana na alama hizo katika kitabu kingine chochote atazitambua.

Maneno mengine hayakutusumbua: mrija wa neva (ule wa kiinitete unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo), seli tangulizi (seli changa zinazogawanyika na kuzaa nyingine), nyuroni (seli za neva), kipokezi, kiini.

3 Februari

Niliona kwamba haifai kuandika juu ya mrija wa neva bila kuuona upya kwa macho yangu, kwa hiyo tulinunua mayai 12 ya kienyeji kwa mfugaji ambaye majike wake wanakaa na jogoo, tukayaweka kwenye kiatamizi kwa nyuzi 38 hivi. Tulipoyamulika kwa tochi siku ya tatu, matatu hayakuwa na kitu. Tulifungua manne.

Baada ya saa 72 kiinitete cha kuku hakizidi urefu wa punje ya wali, lakini kwa hadubini ya kawaida ya maabara yetu vinaonekana vivimbe vya ubongo vimekwisha kugawanyika, jicho limeanza kujikunja, na moyo unapiga. Mwenzangu alichora kwa saa mbili bila kuinua kichwa. Mchoro huo ndio utakuwa ukurasa wa kwanza wa kitini.

Silia zenyewe hatukuziona, na tumekubaliana kitini kiseme hivyo waziwazi. Unene wa silia ya awali ni karibu robo ya mikromita, na hapo ndipo uwezo wa hadubini ya mwanga unapokomea. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya mikromita 1 na 10. Ili ionekane, watafiti huipaka kingamwili zinazong'aa ambazo hushika protini zilizomo ndani yake, kama ARL13B, na kwa nyuroni zilizokomaa hulenga kimeng'enya kiitwacho AC3. Hatuna vifaa hivyo. Nisingependa mwanafunzi wetu akodoe macho kwenye hadubini ya chuo akitafuta kitu ambacho haitaweza kumwonyesha, kisha aamini kwamba kosa ni lake.

10 Februari

Mchoro wa umbo la silia umekamilika. Unaonyesha fimbo tisa za mikrotubuli, yaani vijirija vya protini, kila moja ikiwa jozi, zimepangwa duara, na katikati hamna kitu. Silia zinazopiga, kama zile za njia ya hewa, huwa na jozi nyingine katikati. Chini yake iko sentrioli mama, ambayo ndiyo shina silia inapoota. Hili nimelisisitiza katika maelezo, kwa kuwa seli inapotaka kugawanyika huhitaji sentrioli zake kwa kazi ya kutenganisha kromosomu, hivyo silia huvunjwa kwanza na huota tena baadaye. Katika ubongo unaokua seli hugawanyika mfululizo, na kila mgawanyiko unakuja na swali la ni seli binti ipi kati ya mbili itakayootesha silia mapema na kuanza kusikiliza kabla ya mwenzake.

Silia haitengenezi protini zake yenyewe. Kila kitu hupandishwa kutoka chini na kushushwa tena, kwa reli za mikrotubuli, kazi ambayo kwa upandishaji hufanywa na kinesini na kwa ushushaji na dainini, ambazo ni protini za kubeba mizigo. Usafirishaji huo ulionekana kwanza katika mwani wenye mikia miwili, Chlamydomonas, katika maabara ya Joel Rosenbaum kwenye Chuo Kikuu cha Yale, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1993. Kwenye shina liko lango linalochuja kinachoingia na kinachotoka. Nimemwomba mwenzangu alichore lango hilo kwa wino mzito, maana tutalirudia tutakapofika kwenye magonjwa.

24 Februari

Sura ya historia. Nilidhani itakuwa nyepesi, ikageuka kuwa ile niliyoipenda kuliko zote.

Karl Wilhelm Zimmermann alieleza unywele huu katika seli za mamalia mwaka 1898 na hata akakisia kwamba kazi yake ni kuhisi. Baada ya hapo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wataalamu wengi waliuona kama mabaki tu ya mageuko, kitu kilichosahaulika mwilini bila kazi. Wakati huohuo, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, wachungaji miaka ya 1950 walikuwa wakipata wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo walifuatilia hadi wakagundua kwamba kondoo jike akila mmea wa Veratrum californicum siku ya 14 ya mimba, mwanakondoo huzaliwa hivyo. Sumu iliyomo wakaiita saiklopamini.

Siku moja ya mimba! Nimeliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu linamfundisha mwanafunzi kuliko ufafanuzi wowote kwamba katika kiinitete kitu kilekile huwa na maana tofauti kwa saa tofauti. Jicho huwa moja kwa sababu ubongo wa mbele umeshindwa kugawanyika pande mbili. Mwaka 1996 ilionekana kwamba panya aliyeondolewa jeni ya SHH huzaliwa na kasoro ya aina hiyo, na mwaka huohuo mabadiliko katika jeni ya SHH yakatambuliwa kwa binadamu wenye ubongo wa mbele usiogawanyika. Baadaye ikathibitika kwamba saiklopamini hushika SMO na kuizima.

Hadi hapo hakuna aliyeitaja silia. Iliingia mwaka 2003, pale Danwei Huangfu na wenzake katika maabara ya Kathryn Anderson, New York, walipochunguza viinitete vya panya vilivyobadilishwa jeni bila kuchagua, wakitafuta tu vile vilivyokosea kuumbika. Baadhi vilikosa seli za upande wa chini wa mrija wa neva, kana kwamba SHH haikuwapo, lakini SHH ilikuwapo. Jeni zilizoharibika zilikuwa ni zile za wasafirishaji wa ndani ya silia. Miaka miwili baadaye kundi la San Francisco likaonyesha kwamba SMO huingia kwenye silia ishara inapowasili, na mwaka 2007 kundi la Stanford likaonyesha kwamba PTCH1 hukaa humo na kutoka SHH inapoigusa. Kile kilichoitwa mabaki kikawa ndicho chumba ambamo ubongo unaanza kupangwa.

10 Machi

Tumesimama, na ni mimi niliyekosea.

Rasimu yangu ya sura ya tatu ilisema: "Silia ya awali ni antena ya seli, ikikatwa, seli haisikii." Mfano huo umeenea sana, na mwanafunzi huushika mara moja. Mwenzangu aliusoma, akauliza swali moja: kama ni antena tu, mbona panya wenye silia mbovu huota vidole vya ziada?

Nilikaa na swali hilo siku tatu. Ana haki. Kama silia ingekuwa kitu cha kupokea tu, kuiondoa kungelingana na kunyamaza kwa SHH, na kungekuwa hivyo mwili mzima. Katika uti wa mgongo ndivyo inavyoonekana: SHH hutoka kwenye notokodi, yaani ile fimbo laini ya kiinitete iliyo chini ya mrija wa neva, kisha kwenye sakafu ya mrija wenyewe, na hupungua kadiri inavyopanda juu, seli iliyo karibu husoma kiasi kikubwa na kuwa aina moja, ya mbali kidogo huwa nyuroni ya kusukuma misuli, ya mbali zaidi huwa nyingine. Ondoa silia, na zile aina za chini kabisa hazitokei. Lakini kwenye kichipukizi cha mkono mambo hugeuka, vidole huzidi, jambo linalofanana na ishara iliyoachiwa bila breki. Na katika ubongo wa mbele, ambako sehemu ya juu hutegemea GLI3, mojawapo ya zile protini za GLI, ibaki katika umbo lake la kuzuia, panya waliodhoofika silia hupata kasoro zinazofanana na za panya waliokosa GLI3 yenyewe.

Jibu liko katika kinachotokea wakati ishara haipo, na rasimu yangu haikuwa na sentensi hata moja juu ya wakati huo. SHH isipokuwapo, PTCH1 huizuia SMO isikusanyike ndani ya silia. GLI3 huwekewa alama za fosfati na kimeng'enya kiitwacho PKA, kisha hukatwa, na kipande kinachobaki huenda kwenye kiini kufunga jeni. SHH ikifika, PTCH1 hutoka, SMO huingia, na GLI hufika kwenye ncha ya silia, huachiliwa na protini ya SUFU iliyokuwa imeishikilia, na huenda kwenye kiini ikiwa nzima, kufungua jeni. Njia zote mbili hupitia humohumo. Ukiibomoa silia, hupati ruksa wala katazo. Pale ambapo mwili ulikuwa unategemea ruksa, kama chini ya uti wa mgongo, seli hukosekana. Pale ulipokuwa unategemea katazo, mambo huzidi au mipaka hufifia.

Kwa hiyo antena imefutwa. Badala yake tumeandika ofisi ya mhuri. Kila karatasi ya GLI lazima ipite ofisini, na karani huigonga "ruhusa" au "marufuku" kulingana na kama barua ya SHH imefika asubuhi hiyo. Ofisi ikifungwa, karatasi zinatoka bila mhuri, na hakuna anayejua la kufanya nazo. Mfano huu nao una mwisho wake, kwa kuwa karani wa kweli hagongi mhuri kwa viwango, ilhali seli husoma kiasi na muda; tumeliweka hilo katika aya inayofuata mfano, na si pembezoni mwa ukurasa.

Sura nzima inaandikwa upya.

28 Machi

Sura ya tatu imekamilika. Michoro miwili, ishara ikiwapo na isipokuwapo, imewekwa kurasa zinazotazamana ili msomaji aweze kulinganisha bila kufunua.

14 Aprili

Serebelamu, yaani ule ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa. Binadamu ana takriban nyuroni bilioni 86, na karibu 4 kati ya kila 5 zimo humo, nyingi zikiwa nyuroni punje. Nyuroni punje zote hutokana na seli tangulizi zilizotandaa juu ya uso wa serebelamu, ambazo hugawanyika kwa wingi baada ya kupokea SHH kutoka kwa seli za Purkinje, nyuroni kubwa zilizo chini yake. Kwa binadamu kazi hii huendelea hata mwaka wa kwanza baada ya kuzaliwa. Seli hizo tangulizi zina silia, na panya walioondolewa jeni za kuijenga, kama Ift88 au Kif3a, hukua na serebelamu ndogo mno, kwa sababu seli hazipati amri ya kuongezeka.

Amri ileile isipokoma huleta medulobilastoma, uvimbe wa saratani unaowapata zaidi watoto, ambao mojawapo ya makundi yake manne makuu linatokana na ishara ya kalunguyeye. Hapa hoja ya tarehe 10 Machi ilirudi yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa panya ambaye SMO yake imewashwa daima, kuondoa silia huzuia uvimbe. Lakini kwa yule ambaye GLI2 yake ndiyo imewashwa, kuondoa silia huuchochea, kwa kuwa katazo limekwenda na ruksa imebaki. Nilimpelekea mwenzangu aya hiyo usiku. Alijibu kwa neno moja: "Mhuri."

5 Mei

Sura ya magonjwa imesomwa na dada yetu wa fiziotherapia, na ameirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu.

Tuliuchukua ugonjwa wa Joubert kama mfano mkuu. Marie Joubert na wenzake waliueleza mwaka 1969 huko Montreal, kwa ndugu wa familia moja: watoto waliokuwa na misuli legevu, pumzi zinazokwenda mbio kisha kusimama, macho yanayotembea isivyo kawaida, na kukosekana kwa sehemu ya katikati ya serebelamu. Katika picha ya MRI, njia za neva zinazotoka serebelamu kwenda juu huwa nene na zimelala, hata shina la ubongo likitazamwa kwa mkato wa kukingama linafanana na jino la gego. Jeni zinazohusishwa sasa ni zaidi ya 35, na protini zake karibu zote ziko kwenye silia au shina lake, nyingi zikiwa katika lile lango tulilolichora kwa wino mzito. Ndiyo maana mtoto huyohuyo anaweza kuharibika figo au retina: lango ni moja, seli ni tofauti.

Alichokataa dada yetu ni mpangilio. Nilikuwa nimeanza na jeni, nikamaliza na mtoto. Aliniambia kwamba yeye hukutana na mtoto kwanza, mikononi mwa mama ambaye amekwisha kusikia kwa majirani kwamba amerogwa au kwamba alikula kitu kibaya akiwa mjamzito, na kwamba mwanafunzi atakayesoma kitini hiki atakutana naye hivyohivyo. Mara nyingi mtoto hurithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe ni wazima na hawakujua kuwa wanayo. Sentensi hiyo sasa iko juu ya ukurasa. Nimeongeza, kwa ombi lake, kwamba figo na macho vifuatiliwe, kwa sababu mzazi akiambiwa "hakuna dawa" huondoka na kutorudi, ilhali ufuatiliaji huo unaweza kumwokolea mtoto mengi.

26 Mei

Wanafunzi wa mwaka wa pili wamesoma rasimu nzima kwa majaribio. Sura ya tatu waliielewa na kuielezana bila mimi kusaidia. Walipojikwaa ni mahali ambapo sikupatarajia: wengi walihitimisha kwamba watoto wenye kichwa kikubwa kilichojaa maji, ambao wamewaona wodini, wana ugonjwa wa silia ya awali.

Kosa hilo lina mantiki, kwa hiyo tumelijibu kwa ukurasa mzima. Silia zinazosukuma maji ya ubongo ni zile zinazopiga, zilizoota kwa mafungu kwenye kuta za vyumba vya ubongo, na ni aina nyingine. Zikishindwa, panya hupata kichwa maji mara kwa mara, lakini kwa binadamu si hivyo kwa kawaida. Na katika ukanda wetu sababu zinazoonekana sana ni nyingine kabisa: kazi iliyofanyika Mbale, Uganda, ilionyesha kwamba maambukizi ya utotoni ndiyo yaliyotangulia kwa watoto wengi walioletwa huko. Mwanafunzi anayemwona mtoto wa namna hiyo aulize kwanza kuhusu homa na degedege za miezi ya mwanzo.

Yamebaki mambo mawili: mchoro wa jino la gego, ambao dada yetu anataka uwekwe pembeni ya serebelamu ya kawaida kwa kipimo kilekile, na faharasa ya istilahi. Mwenzangu amechukua mchoro. Faharasa nimeianza leo kwa herufi A, na neno la kwanza ndani yake, kwa bahati, ni "antena": nimeandika maana yake, na mbele yake, "tazama mhuri".